Naomba ushauri: redio imetafuna mkanda wa Arcadia

Wakuu, nina kaseti ya marehemu baba mdogo yenye wimbo "Election Day" wa Arcadia, kundi la pembeni la Simon Le Bon, Nick Rhodes na Roger Taylor wa bendi ya Uingereza Duran Duran, 1985. Vinanda vimetanda kama ukungu. Kwangu unazishinda nyimbo nyingi za Duran Duran wenyewe (msinipige mawe). Jana redio imetafuna mkanda palepale mwimbaji Grace Jones anapoongea. Nimeurudisha kwa kalamu, lakini kipande cha urefu wa kidole kimekunjamana, sauti inazama. Nikikate niunge kwa selotepu, au nitaharibu hedi (kile kichwa cha redio kinachosoma mkanda)? Na mliowahi kuhamishia kaseti kwenye kompyuta, mlitumia waya gani? Mtandaoni upo, najua. Nataka huu wa baba mdogo.