Wenye babu Wamanga (Waarabu wa Oman) waliofungua maduka bara, tupeane uzoefu

MrinaAsali: Leo nimeona picha ya mzani wa mawe nikamkumbuka babu. Katoka Ibra, Oman, jahazi mpaka Unguja, treni mpaka Tabora, akaishia Sikonge ananunua nta na asali. Kaoa bibi yetu Mnyamwezi na kazikwa hukohuko. Kwenu ilikuwaje?

BintiNzega: Hivyohivyo. Babu alikuwa anaongea Kinyamwezi kuwashinda wajomba zangu.

Kaniki76: Umenitonesha kidonda. Kwetu ni 1976, Operesheni Maduka. Babu ana duka kijijini, kaniki, chumvi, mafuta ya taa anapima kwa kopo, na daftari la mkopo lina karibu kijiji kizima maana watu walilipa wakishauza tumbaku. Wakaja wakubwa wakasema maduka ya watu binafsi basi, sasa duka ni la kijiji, wakahesabu mali mpaka sindano, mama anasema babu alikaa barazani kimya watu wanapita kumpa pole kama msiba, jioni akawaita wadaiwa akawaambia nimewasamehe mbele ya Mungu. Haikupita muda duka la kijiji halina hata sabuni, watu wanamfuata babu nyumbani kuomba chumvi. Naumia mpaka leo.

MrinaAsali: Daah. Pole sana ndugu yangu.

Bara_Halisi: Pole, ila tusisahau Waarabu wa Tabora walifuata pembe na watumwa.

Kaniki76: Babu kaja miaka ya 30, Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, kafa 1905. Usimbebeshe mzigo wa watu.

Bara_Halisi: Simbebeshi, nataka isemwe yote. Mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir anawapokea wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke pale Kazeh, Tabora ya leo, 1857, utajiri ule ulikuja juu ya vichwa na migongo ya watu.

MamaUrambo: Na watemi nao walikuwemo. Babake Tippu Tip alimuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Msigombane, wengi humu ni damu hizo zote mbili.

BintiNzega: Kaniki daftari liko wapi??

Kaniki76: Kwa shangazi Muscat, alihamia huko baada ya Sultani Qaboos kushika Oman 1970.

MrinaAsali: Lipigwe picha kurasa zote kabla mchwa hawajalimaliza.

MamaUrambo: Usiliweke mtandaoni! Madeni ya watu hayo, wajukuu wao wapo.

Tumbaku_Boy: Babu yangu akiwemo niambie nikulipe, na riba juu.

Kaniki76: Riba haramu, na alishasamehe. Jina lake nani nimuulize shangazi?