Ufunguo wa programu umeungua: je, kuvuka ulinzi wake ni kosa kisheria?

Mdarizi wa Mwanga, Kigoma
Wanajukwaa, habari za kazi. Nina karakana ya kudarizi nembo za sare za shule. Programu ya kuandalia nembo niliinunua kihalali, nayo haifunguki mpaka uchomeke kifaa kinachofanana na flashi, ambacho ndicho leseni yenyewe. Kifaa kimeungua, na kampuni iliyokitengeneza imekwisha kufungwa. Fundi mmoja yuko tayari kuniwekea faili litakaloifanya programu iamini kwamba kifaa kipo. Nimelipia na risiti ninayo. Je, nikikubali nitakuwa nimevunja sheria?

Mdau wa Tabora
Ndugu, sioni kosa. Marekani, ambako sheria ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli za kidijitali, mwaka 2003 ulitolewa msamaha mahsusi kwa programu zinazolindwa na vifaa vya namna hiyo, pale kifaa kinapoharibika na hakipatikani tena. Mnunuzi halali ana haki ya kutumia alichonunua.

Wakili, Kigoma Mjini
Haki hiyo naitambua, lakini msamaha ule ulikuwa wa Marekani, ulikuwa wa muda, na ulimhusu mtumiaji peke yake. Kuuza nyenzo za kuvunjia ulinzi kulibaki marufuku hata huko. Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na inamhesabu anayetengeneza au kuingiza nchini, kwa ajili ya kuuza au kukodisha, kifaa kilichobuniwa kukwepa kizuizi cha kunakili kuwa amekiuka hakimiliki. Fundi wako ndiye aliye karibu zaidi na moto. Hata hivyo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kukiuka haki za miliki bunifu, na adhabu yake huwa kubwa zaidi tendo likiwa la kibiashara, kama ilivyo karakana yako. Risiti itakusaidia kuonyesha kwamba hukuwa na nia hiyo, ila utaionyesha ukiwa umekwisha kushtakiwa.

Kampuni kufungwa hakuifanyi programu kuwa mali ya umma. Hakimiliki huhamia kwa aliyenunua mali za kampuni, na hapa nchini hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtafute mrithi huyo, mwandikie, ambatisha risiti, umwombe ruhusa ya maandishi. Akikubali, fundi afanye kazi yake.

Mdarizi wa Mwanga, Kigoma
Ahsante sana, wakili. Nitaandika. Ila shule zinadai sare sasa hivi.

Mdau wa Tabora
Kama nembo zako ulikuwa ukizihifadhi pia katika faili za DST za kupeleka kwenye mashine, huhitaji kuvunja chochote. Ink/Stitch, programu ya kuandalia darizi ambayo ni ya bure na leseni yake ni huria, inazifungua. Faili hizo hazihifadhi rangi za nyuzi, kwa hiyo utazipanga upya.