Avata anayeongea: mnaanza na ubora au mwendo?

kinyago: Wakuu, nina picha tuli moja na sauti ya dakika tatu, nataka avata wa kufundishia, yaani mtu wa kidijitali anayeongea kwenye video. Programu inanipa ubora wa 720, 1080 na 4K, halafu mwendo wa kichwa: mdogo, wa kati na mkubwa. Kwa tamaa nikaweka vyote juu kabisa. Kompyuta imekesha, asubuhi nakuta jamaa anatikisa kichwa kama mjusi juani, meno yanayeyuka na kurudi, na akisema "baba" midomo haigusani. Nipunguze kipi?

fremu25: Vyote. 1080 ina pikseli mara 2.25 ya 720, na 4K ni mara nne ya 1080, ndiyo maana umekesha. Tena huenda hukupata kitu, kwa sababu uso unatengenezwa kwa kipimo chake wenyewe. Wav2Lip, programu ya mwaka 2020 ya kulinganisha midomo na sauti, hushughulikia uso wa pikseli 96 kwa 96, kisha huupachika kwenye video yako. Hapo ukiomba 4K unapata kola ya shati inayohesabika nyuzi na mdomo wenye ukungu. Mimi hukata sekunde kumi zenye "b", "p" na "m" nyingi, najaribu kwa 720. Midomo ikifunga, napanda 1080 na kuishia hapo.

mama_picha: Kwenye ubora nakubaliana na fremu25. Kwenye mwendo hapana, msimkimbize mwenzenu kwenye mdogo moja kwa moja. Mwendo mdogo bila kupepesa macho ni picha ya kitambulisho iliyoota mdomo. Angalia kwanza picha yako imekatwa wapi. Kama ni uso tu, wa kati unapendeza. Mabega yakionekana, kichwa kinacheza na mabega yametulia, shingo inakatika. SadTalker, programu nyingine ya kuongeza mwendo kwenye picha, ina hali ya kutuliza kichwa kwa ajili ya picha nzima kama hizo, na ukali wa hisia za uso unaurekebisha kando.

kinyago: Mabega yanaonekana, mpaka kifuani.

mama_picha: Basi mdogo. Nimekwisha.

sikio: Mnabishana picha tu, hakuna aliyeuliza sauti ikoje. Mdomo unafuata sauti! Kama kuna muziki chini, programu inausoma kama maneno. Mpe sauti kavu, muziki uweke mwishoni. Na ukihariri, angalia sauti isitangulie midomo: mapendekezo ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, yanasema mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa hagundui hadi kama 125. Kwa fremu, yaani picha mojamoja za video, 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Yaani fremu mbili tu zinakuumbua.

kinyago: Muziki ulikuwepo, sikio, umenikamata 😅 Nimeutoa, nikaweka 720 na mwendo mdogo. "Baba" sasa inafunga vizuri. Meno ndiyo bado yanamemeteka.

fremu25: Umewasha kisafisha uso, kile cha GFPGAN au mfano wake?

kinyago: Ndiyo, kiko juu kabisa.

fremu25: Kinasafisha kila fremu peke yake, hakikumbuki meno ya fremu iliyopita. Kizime, ulinganishe sekunde zilezile kumi.

kinyago: Yametulia. Uso umefifia kidogo, ila nauchukua hivyohivyo. Natoa dakika zote tatu kwa 1080 sasa.