Naombeni ushauri: mdogo wangu alivuta hewa ya jiko la mkaa, sasa anasahau sana

Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana nimechanganyikiwa. Mdogo wangu wa kike, miaka 24, amepanga chumba Mbagala. Mwezi uliopita usiku mvua inapiga akaingiza jiko la mkaa ndani achemshie maharage, madirisha kafunga, usingizi ukampitia. Asubuhi jirani kagonga weee kimya, wakavunja mlango wakamkuta hajitambui. Hospitali akawekewa oksijeni, kesho yake karuhusiwa anaongea anacheka, tukamshukuru Mungu.

Sasa wiki ya tatu hii amebadilika kabisa. Anauliza kitu kimoja mara nne, kichwa kinamuuma, anaburuza miguu kama bibi kizee, halafu hasira za ajabu wakati ni binti mpole sana yule. Mama anasema karogwa, anataka apelekwe kwa mganga, mimi nimekataa. Nimesoma kwamba hiyo kaboni monoksaidi, yaani hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa, inang'ang'ania damu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200, ubongo unakosa hewa, na madhara mengine yanachelewa, yanaweza kutokea hata wiki kadhaa baadaye mtu akiwa ameshaonekana mzima.

Kuna aliyeuguza mtu wa hivi? Alirudi sawa, ilichukua muda gani? Nianze na daktari wa mishipa ya fahamu au apigwe MRI (kile kipimo cha picha ya ubongo) kwanza, na pale Muhimbili bila rufaa napokelewa? Ni fundi cherehani, wateja wanampigia simu kila siku na mwenyewe anataka kurudi kazini, nimruhusu au apumzike kwanza?