Maziwe na watoto mwezi wa sita, inawezekana?

MamaWawili_Tanga: Wadau habari zenu. Tuko Tanga mjini na likizo hii tunataka kuwatoa watoto, mkubwa ana miaka 10 mdogo 6. Ufukwe wa Raskazone wameshauzoea ila huyu mkubwa kang'ang'ania anataka kuona kasa na pomboo kwa macho yake, siyo kwenye simu. Nimeambiwa twende Pangani tuchukue boti mpaka kisiwa cha Maziwe. Sasa upepo wa kusi si utakuwa umeshakolea? Halafu mwaka jana tulipanda boti moja jaketi za kuokolea zote za watu wazima, ya mdogo ikawa inampanda mpaka masikioni, sikupata raha safari nzima.

mvuvi_mstaafu: Inawezekana mama ila kwanza angalia mwezi. Maziwe ni fungu la mchanga, zamani lilikuwa na mivinje, sasa hata mti mmoja hakuna na maji yakijaa linazama. Nendeni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yaani mwezi mpevu au mwandamo, maji yanakupwa kwenye saa nne asubuhi hivi, mnapata mchanga mpana na watoto wanaona matumbawe maji yakiwa yametulia. Ondokeni mapema kabisa, kusi huamka mchana na wakati wa kurudi ndiyo mtalowa. Kivuli hakuna, bebeni turubai na maji ya kunywa. Na viatu vya mpira, kuna wale viumbe weusi wa baharini wenye miba mirefu, mtoto akikanyaga safari imeisha.

Dada wa Ushongo: Pomboo ni bahati, wapo siku nyingine hawaonekani kabisa. Kwa kasa ningewashauri mlale huku Ushongo, kijiji cha ufukweni upande wa Pangani. Kasa hutaga Maziwe lakini kwa vile fungu linafunikwa, mayai yanahamishwa yanafukiwa upya huku ufukweni, baada ya kama miezi miwili yanaanguliwa. Mimi nimeshuhudia mara nyingi na bado moyo unanidunda: mchanga unaanza kutitia kidogo katikati, unadhani ni kaa, mara kinatokea kichwa cheusi kidogo kama kidole gumba, kisha wanafumuka wote wanakimbilia maji. Muulizeni mwenyeji wenu kama kuna kiota kilichokaribia siku zake. Jamani msiwashike wala msiwamulike na tochi za simu, wanafuata mwanga wanapotea njia!!

kijana_wa_Chumbageni: Huyo wa miaka 10 mwambieni pia habari za silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka akapatikana Afrika Kusini 1938, na kuanzia miaka ya 2000 wavuvi wetu wa Tanga wakawa wanamnasa kwenye nyavu za maji marefu. Ndiyo maana tuna hifadhi yake tangu 2009. Hamtamuona, anakaa chini sana, lakini ajue anapita juu ya nani.

MamaWawili_Tanga: Asanteni sana, shikamoo mzee mvuvi. Nimeangalia kalenda, tutaenda mwezi ukiwa mpevu na tutalala Ushongo siku mbili. Jaketi la mdogo nalinunua mwenyewe kesho, naenda naye ili alijaribu.