Mtu wa upande wa pili apimwe kwa kipimo kilekile, au upande aliouchagua ndio hukumu yake? Tujadili

Mleta mada

Wakuu, salaam. Uzi huu naufungua nikiwa mshitakiwa, si hakimu, kwa hiyo mawe yenu yawekeni karibu.

Wiki mbili zilizopita nilitumiwa klipu ya sekunde 14. Anayezungumza ni mtu wa upande ule nisioupenda. Upande wenyewe sitautaja, maana nikiutaja tu nusu yenu mtaacha kusoma na nusu nyingine mtaanza kunipigia makofi kabla sijasema kitu. Ndani ya zile sekunde 14 jamaa anatamka sentensi moja ya hovyo kabisa, ya kudharau watu. Niliisikiliza mara moja tu, nikairusha kwenye kundi la familia na maneno matatu juu yake: "Ndio hawa sasa." Kidole hakikusita.

Siku ya pili yake nikakutana na video nzima, dakika 40 na ushee. Kumbe alikuwa anasoma maneno ya mtu mwingine ili ayapinge, na aliyapinga kweli, tena vizuri kuliko ambavyo ningeyapinga mimi. Aliyekata klipu alikuwa fundi: mkasi ulipita palepale jamaa alipovuta pumzi ili aanze kujibu. Nikarudi kwenye kundi, nikaifuta kimyakimya. Ukabaki ule mstari wa kusema ujumbe umefutwa, umekaa pale kama pengo la jino.

Kudanganywa hakuniumi sana, wote tunadanganywa. Kinachoniuma ni kwamba mwezi huohuo mtu wa upande wangu alisema neno baya kuliko lile, na hilo halikukatwa na yeyote, nililisikia lote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mimi nilisema nini? Nilisema alikuwa amechoka. Alichokozwa. Ulimi hauna mfupa. Yaani wa kwao akikosea, ndivyo alivyo, hata baba yake alikuwa hivyo; wa kwetu akikosea, ni hali iliyomfikisha pale. Mkuki kwa nguruwe.

Ugonjwa huu una historia ndefu. Mwaka 1951 timu za vyuo vikuu vya Princeton na Dartmouth huko Marekani zilicheza mechi ya mpira wao ule wa Kimarekani, na ikawa ya vurugu: nyota wa Princeton alitolewa akiwa amevunjika pua, baadaye mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Watafiti wawili, Albert Hastorf na Hadley Cantril, wakachukua filamu ya mechi hiyo, wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili na kuwaomba wahesabu makosa. Matokeo waliyachapisha 1954. Wanafunzi wa Princeton waliihesabia Dartmouth wastani wa makosa 9.8. Wale wa Dartmouth, walipoitazama timu yao wenyewe, waliona 4.3. Filamu ni moja, macho yote mazima, na hakuna ushahidi kwamba kuna aliyekuwa anadanganya kwa makusudi. Hapo ndipo ninapoogopa. Mwongo anajua anapodanganya. Mimi nilipoirusha ile klipu nilikuwa mkweli kabisa.

Kuna jingine la 1967, la Edward Jones na Victor Harris. Watu walisomeshwa insha za kumtetea au kumpinga Fidel Castro, na wengine wakaambiwa wazi kwamba mwandishi hakuchagua upande, alipangiwa. Bado waliona maneno yale yana harufu ya moyo wake. Unaambiwa kabisa huyu kapangiwa, nafsi inajibu: sawa, lakini mbona kaandika kwa raha?

Sasa hoja yangu. Siku hizi kabla sijamlaani mtu nabadilisha jina. Naichukua kauli ileile, namtoa wa kwao, namweka mtu wangu ninayempenda, kisha najisikiliza. Hasira ikishuka, basi sikuwa nimeikasirikia kauli. Nimejaribu mara tatu tangu siku ile. Mara mbili hasira ilishuka hadi nikaona aibu. Mara ya tatu ilibaki palepale, na huyo nilimlaani bila kujuta.

Nyie mnaonaje? Povu ruksa, matusi hapana.

Mpita Njia

Umeandika gazeti zima mkuu, ila nimelimaliza. Naweka kambi hapa.

Mchokonozi

Nakupinga, na nitakupinga kwa heshima.

Kwanza, upande si kabila wala kimo, hukuzaliwa nao. Mtu ameuchagua akiwa na akili zake. Ukiamua kukaa na watu wanaofanya uovu, unawashangilia, unawapa nguvu, halafu nikikuhesabu nao unaanza kusema "nihukumu kama mimi"? Samaki mmoja akioza huoza wote, wazee hawakusema hivyo kwa kukosa kazi.

Pili, hiyo kubadilisha jina ni starehe ya mtu ambaye hajaguswa. Wewe uliona klipu, wengine wanaona mlango wao ukivunjwa. Mtu kapigwa, damu inamtoka, unataka kwanza ajiulize kama angepigwa na ndugu yake angelia kwa sauti ileile?

Tatu, na hii ndiyo kubwa. Mazungumzo ya "tuwe wa haki" mara nyingi huishia kwenye "wote ni walewale". Kama upande mmoja una makosa kumi na mwingine mawili, mtu wa haki atasema kumi kwa mawili. Anayesema sita kwa sita ili aonekane mstaarabu ni mwongo kuliko shabiki.

Kipenga

Mchokonozi, hilo la tatu limenigusa kazini. Nachezesha mechi za ridhaa mwaka wa tisa sasa, nikuambieni linavyokuwa uwanjani.

Dakika ya 20 unatoa penalti. Ni halali, umeona mkono umeenda kwenye mpira. Benchi moja linakuvamia kwa maneno hadi mapumziko. Kuanzia hapo kuna kitu kinaota ndani yako bila ruhusa: macho yanaanza kutafuta penalti ya upande wa pili. Huamui, yanatafuta yenyewe. Beki akigusana tu na mshambuliaji, kipenga tayari kiko mdomoni. Sisi tunaita fidia, na hiyo ndiyo dhambi ya refa ninayoiogopa kuliko kupendelea. Anayependelea utamjua mapema. Anayefidia anaonekana mtu wa haki kuliko wote, kumbe ameiba mara mbili.

Na mbinu yangu haitofautiani sana na ya mleta mada. Kona inapopigwa, siangalii sura za wachezaji. Naangalia mikono yao, usawa wa kiuno, nani kamshika nani jezi. Nikiinua macho hadi usoni nitamkuta yule aliyenitukana mechi iliyopita, na hapo ujue kesi ya ngedere imeshampata nyani. Mkono hauna historia na mimi. Sura inayo.

Bado nakosea, msidhani. Msimu uliopita nilimtoa kijana kwa kadi nyekundu kwa sababu ya jina lake, maana kila refa alishaniambia "huyo mkorofi". Mwenzake ndiye aliyecheza rafu.

Sauti ya Chini

Kuhusu samaki: wale walioza wote kwa sababu walikuwa kwenye tenga moja, wamekufa tayari. Watu hawakai kwenye tenga. Mimi na kaka yangu wa tumbo moja tuko pande tofauti na tunakula sahani moja. Kila nikisoma "watu wa upande ule ni hivi", namtazama anavyomega tonge, nashindwa kulinganisha.

Shirika la More in Common lilipima jambo hili Marekani mwaka 2019. Kila upande wa vyama vile vikubwa viwili ulidhani wenye misimamo mikali upande wa pili ni karibu mara mbili ya walivyo kweli. Na walioshinda kwenye habari muda mwingi ndio waliokosea zaidi, kuliko wanaozigusa mara mojamoja. Mimi nilidhani nikifuatilia zaidi nitawaelewa zaidi. Kumbe nilikuwa najaza tenga.

Mchokonozi

Kaka yako ni mmoja. Na hao wanaompigia makofi ni wangapi? Hata hivyo Kipenga kanibana kidogo, nakiri. Nilidhani fidia ni ya wanasiasa tu.

Mleta mada

Mchokonozi, la tatu nakupa lote, bila kubakiza. Kipimo kilekile hakimaanishi jibu lilelile. Mizani ile moja ikiwekewa mawe upande huu na pamba upande ule, italala upande wa mawe, na ndiyo kazi yake.

La pili nakupa nusu. Aliyevunjiwa mlango simwambii chochote, alie anavyoweza. Lakini mimi sikuvunjiwa mlango. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi, chai mkononi, nikajipa hasira ya mtu aliyevunjiwa. Tuko wengi sana kwenye makochi, na sisi ndio tunaorusha klipu.

La kwanza sikupi. Mtu amechagua upande, ndiyo, kwa hiyo mwulize kuhusu alichochagua. Kama alishangilia uovu, mhukumu kwa kushangilia, si kwa kuutenda. Hayo ni makosa mawili tofauti, na sisi tunayabandika yote kwenye paji moja la uso kwa sababu ni rahisi zaidi. Halafu jiulize wewe umechagua upande wako kwa sababu ngapi. Mimi wangu nilirithi nusu, nusu nyingine niliifuata kwa marafiki. Siwezi kumwambia mwenzangu kwamba yeye alikaa chini akaupima uovu akaupenda, wakati mimi mwenyewe nilipanda basi lililokuwa limesimama mlangoni.

Mpita Njia

Swali dogo, mleta mada. Ile klipu uliifuta kimyakimya. Kwenye kundi la familia ulishawaambia kwamba ilikuwa ya uongo?

Mleta mada

Bado.

Mpita Njia

Sasa hapo uzi mzima si umejihukumu wenyewe?

Mleta mada

Nimeandika dakika tano zilizopita. "Ile klipu niliyotuma na kuifuta, jamaa alionewa, video nzima hii hapa." Wamesoma watu kumi na moja. Shangazi kajibu kwa emoji ya mikono ya dua, sijui anamwombea nani. Wengine kimya. Mmoja kaniuliza faraghani kama nimehamia upande wa pili.