Jina la biashara au kampuni kwa mshauri wa kodi anayejitegemea?

Leja_Mpya: Wakuu habari zenu. Nimeacha kazi mwezi uliopita, naanza kujitegemea: ushauri wa mipango ya fedha na kodi kwa wenye maduka na viwanda vidogo. Kuna mteja anataka tusaini mkataba kabla mwezi haujaisha na mimi bado sijasajili chochote. Nifungue jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara hapa Tanzania) au niende moja kwa moja kwenye kampuni? Ipi nafuu upande wa kodi?

Mzee wa Mahesabu: Mkuu, ya muhimu yote umeyaacha. Unategemea faida kiasi gani kwa mwaka? Una CPA, ile sifa ya uhasibu? Mteja ni kampuni au mtu binafsi?

Dada Daftari: Kampuni, usijiulize mara mbili. Mimi nilihangaika miaka mitatu na jina la biashara. Kila zabuni ya maana wanataka cheti cha kampuni.

Leja_Mpya: Samahani wakuu. Faida baada ya gharama nakadiria milioni 30. Mteja ni kampuni ya usafirishaji. CPA nimebakiza masomo mawili.

Mzee wa Mahesabu: Basi tupige hesabu. Jina la biashara ni wewe mwenyewe, unatozwa kwa ngazi za mtu binafsi: milioni 12 za kwanza zinakula 1,536,000, kinachozidi ni 30%. Kwa milioni 30 unalipa 6,936,000. Kampuni inatozwa 30% tangu shilingi ya kwanza, yaani milioni 9. Ile milioni 21 iliyobaki ukijitolea kama gawio, yaani faida ya mwenye hisa, inakatwa 10% tena, jumla 11,100,000. Na asikudanganye mtu kwamba utakadiriwa kwa mauzo ghafi kama mwenye duka. Huduma za kitaalamu zimetolewa kwenye utaratibu ule, hata usipofika milioni 100.

Dada Daftari: Nani anachukua yote kama gawio? Unajilipa mshahara, kampuni inauhesabu kama gharama, unakatwa PAYE, kodi ya mshahara, kwa ngazi zilezile.

Mzee wa Mahesabu: Na mchango wa pensheni wa NSSF, 20% ya mshahara, umeuweka wapi? Na CPA wa kupitisha hesabu kila mwaka?

Dada Daftari: NSSF ni akiba yake ya uzeeni. Mshauri wa fedha asiyejiwekea pensheni atamshauri nani?

Kandambili: Mnabishana juu ya asilimia, mimi niwaambie kilichonikuta. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mteja mmoja mkubwa. Kila ankara anakata 5% ya kodi ya zuio, aipeleke TRA (mamlaka ya mapato) kwa jina langu. Mimi natulia, najua nitaidai kwenye ritani ya kodi. Mwezi wa sita nafunga hesabu, naenda kuomba vyeti vya zuio. Mhasibu wao ananiambia njoo Jumatatu. Jumatatu, njoo Alhamisi. Kumbe walikata lakini hawakupeleka. Kwenye TIN yangu, namba ya mlipakodi, haionekani hata shilingi. Nikalipa kodi yote mwenyewe, nikauza pikipiki. Gharama nazo nusu zilikataliwa, maana risiti za EFD (mashine za risiti za TRA) nilikuwa naziweka kwenye bahasha ya plastiki dirishani. Jua lilizila. Nilipozitoa mbele ya afisa zilikuwa karatasi nyeupe, nyingine imebaki mistari miwili ya chini tu. Siku hizi kila risiti naipiga picha siku hiyohiyo, na kazi ya pili siianzi bila cheti cha zuio cha ya kwanza. Weka kifungu hicho kwenye mkataba, ndugu yangu, hata kabla ya kufikiria BRELA.

Jirani wa Namanga: Pole sana. Huku Kenya zuio la ushauri ni 5% vilevile, na cheti hutoka kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni. Kinachotusumbua sisi ni eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki: muuzaji asipokupa ankara yake, ile gharama KRA, mamlaka ya mapato ya huku, haiitambui.

Mzee wa Mahesabu: Leja_Mpya, hapo kwenye CPA umepita haraka. Kumwakilisha mteja TRA kama mshauri wa kodi lazima uwe umesajiliwa. Na ukishasajiliwa NBAA (bodi ya wahasibu) ukafungua ofisi yako, kujisajili VAT kunakuhusu hata kama mauzo hayajafika milioni 200.

Leja_Mpya: Hilo la VAT sikulijua. Ina maana niongeze 18% juu ya bei niliyokwisha kumtajia?

Nyamwezi84: Wakuu niombe kuuliza hapahapa. Nimepanga ofisi Sinza, natakiwa kukata 10% ya pango nipeleke TRA. Mwenye nyumba kakataa katakata. Anasema tulikubaliana milioni 3, anataka milioni 3.

Dada Daftari: Wengi wanaishia kuibeba wao. Ili apate milioni 3 kamili, pango linakuwa kama 3,333,000.

Mzee wa Mahesabu: Usikubali. Ile ni kodi yake yeye, si yako. Mpelekee cheti akaione kwenye ritani yake.

Nyamwezi84: Hana hata TIN, mzee wangu.

Leja_Mpya: Wakuu, mteja kapiga simu sasa hivi. Tunasaini Ijumaa.

Kandambili: Kifungu cha zuio umeshakiweka?